Mashine Iliyotetemeka Kuliko Zote

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi alidhani hakusikia vizuri, akamwomba shemeji yangu arudie swali. Shemeji akarudia bila haya, kwa sauti yake ileile ya kuamrisha mafundi: kati ya mashine hizi za kupulizia rangi, ni ipi inayotetemeka zaidi?

Dada wa watu akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Nadhani katika maisha yake ya kuuza mashine alishaulizwa uzito, makelele, umeme unaoliwa, na kama kitu kikiharibika kinarudishwa. Lakini mteja anayetafuta kasoro kwa bidii ile ambayo wenzake wanatafutia sifa, huyo alikuwa hajakutana naye.

"Unamaanisha isiyotetemeka," alisema.

"Inayotetemeka," shemeji akasema. "Masikio yangu mazima, na mdomo pia."

Mimi nilijifanya nasoma maelezo kwenye kopo la vanishi. Wazo lilikuwa langu, na wazo likishatoka nje likaanza kutembea kwa miguu yake, mwenye nalo ni bora akae kando aangalie linaelekea wapi.

Shemeji huyu ni mume wa marehemu dada yangu. Mtaani jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika, wote wanamwita Rula. Alikuwa mpaka rangi, na kazi iliyompa jina ni ule mstari unaouona kwenye kuta za shule, zahanati na ofisi, pale rangi nzito ya chini, ya kuhimili mikono na migongo ya watu, inapokutana na rangi nyepesi ya juu. Wenzake walibandika tepu ya karatasi ukutani, wakapaka, wakabandua. Rula alichovya brashi, akabana pumzi, akatembea. Toka mlangoni hadi dirishani brashi haikuinuka wala haikuyumba. Kuna shule moja mwalimu mkuu alilalamika kwamba mstari umepinda. Wakaleta pima maji, wakapima, ikaonekana mstari umenyooka, ukuta ndio uliopinda. Wakaubomoa ukuta. Mstari ukabaki peke yake hewani siku nzima, ukisubiri wajenge upya. Asiyetaka kuamini asiamini, lakini mimi nilikuwepo, na jua lilipokuwa kali nilijikinga kwenye kivuli chake.

Mkono huo ndio ulioanza kutetemeka. Ulianzia kidole gumba, kikawa kinacheza chenyewe kama cha mtu anayehesabu jambo moyoni. Baadaye kikombe kikaanza kugonga kisahani. Akaacha kutumia kisahani. Halafu akawa anajaza kikombe nusu, akasema daktari amemkataza chai nyingi. Daktari gani? Rula hakuwa amemwona daktari tangu dada yangu afariki.

Mambo yangeweza kwenda hivyo, nusu kikombe leo, robo kikombe mwakani, kama si simu ya binti yake. Ni mtoto wao wa pekee, anaishi mji mwingine na mume na watoto. Kuna jirani mwenye mdomo mwepesi alikuwa amempelekea habari kwamba nyumba ya baba inabanduka rangi, mlango wa nyuma haufungi, na mzee mwenyewe siku hizi haonekani barazani. Binti akasema atakuja Jumamosi, ataiona nyumba, halafu watazungumza.

"Neno hilo 'tutazungumza' nalijua," Rula aliniambia. "Na amesema anakuja na gari. Gari linalokuja tupu haliji kusalimia."

Hakutaka kwenda. Nyumba ile waliijenga yeye na dada yangu chumba baada ya chumba, wakilala ndani ya kile kilichokwisha na kupikia ndani ya kile ambacho hakijaezekwa. Anajua gizani kila msumari ulipo. Kwa binti yake kuna chumba kizuri, choo cha ndani na wajukuu wenye adabu. Hilo alilikubali. "Lakini nitakuwa kama kabati la urithi," alisema. "Hakuna anayelichukia. Ila kila wakifagia, wanalisogeza."

Kwa hiyo aliamua kupaka sebule kabla binti hajafika. Mpaka rangi ambaye kuta zake zinabanduka ameshahukumiwa kabla kesi haijasomwa. Na alikuwa amejaribu. Alinipeleka nyuma ya kabati akanionyesha alipojaribia brashi. Nilitaka kucheka, kicheko kikanisaliti njiani. Ukuta ulikuwa kama wa mtoto aliyefundishwa herufi moja tu, m, akapewa siku nzima ya kuiandika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kinyozi wangu. Mashine yake ikiwaka, mkono wake unatikisika mpaka kwenye kiwiko, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kusema kinyozi ni mgonjwa. Nikamwambia Rula: mtu aliyeshika kitu kinachotetemeka hashitakiwi kwa kutetemeka. Siku hizi zipo mashine ndogo za umeme za kupulizia rangi, unashika mkononi kama bunduki. Binti yako akukute umeishika, inanguruma, wewe na yenyewe mnatetemeka pamoja. Atakayejua nani anamtetemesha mwenzake ni nani?

 "Shemeji," akasema, "siku ukifa watakuzika wewe kwenye jeneza lako na mdomo wako kwenye jeneza lake."

Akaenda kuvaa viatu.

Basi yule dada wa dukani, akiona hatutanii, akatoa mashine tatu akazipanga juu ya kaunta. Ya kwanza mota yake inakaa chini sakafuni, ina bomba refu kama la mashine ya kufagilia mazulia, na mkononi unashika kibunduki chepesi tu chenye kikombe cha rangi. Ya pili ilikuwa ya betri, ndogo, akasema ni ya mageti na viti, ukuta mzima utailiza. Ya tatu ilikuwa imekaa rafu ya chini ina vumbi. Mota yake ilikuwa palepale kwenye mpini, juu ya kikombe, na kikombe chenyewe kikubwa, kwamba ukikijaza unabeba mota na rangi na laana yake vyote kwa kiganja kimoja.

Akatutilia maji kwenye kikombe cha ile ya kwanza, akasimamisha boksi tupu ukutani, akampa Rula kibunduki. Akamwelekeza asimame mbali na boksi kiasi cha urefu wa mkono toka kiwiko mpaka ncha za vidole, atembeze mkono mzima bila kukunja kifundo, aanze kutembea kabla ya kubonyeza na aachie kabla ya kusimama. Rula alimsikiliza kwa heshima. Halafu akabonyeza.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo ninaloliwaza zaidi sasa. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama kawaida. Lakini maji hayatoki kwa uzi, yanatoka kama ukungu, mapana kama feni ya mkononi, na kwa umbali ule mtetemo wake wote uliyeyuka humo ndani. Boksi lilipata utepe wa maji ulionyooka, sawasawa juu na chini. Akapiga wa pili ukapanda wa kwanza nusu, wa tatu ukapanda wa pili. Yule dada akasema, mzee, wewe ni fundi.  Rula alikuwa anatazama boksi kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu astaafu, uso wa mtu mwenye njaa aliyesikia harufu toka jikoni.

Kisha akautazama mkono. Kibunduki kilikuwa chepesi, kimetulia, hakitingishiki hata chembe, maana mota iko kule sakafuni. Mkono uliokishika ndio uliokuwa unacheza, peupe, kila mtu anauona.

Akakiweka kaunta. "Hii nzuri," akasema. "Nionyeshe ile mbaya."

Dada akaiwasha ile ya tatu bila kuishika, ili tuone wenyewe. Ilinguruma kama trekta lililofungiwa kabatini, ikaanza kutembea yenyewe juu ya kaunta, ikaangusha mfuko wa skrubu, ikawa inaelekea mlangoni. Ningesema ilivuka barabara na kurudi, ila nimeamua leo nisimkoroge msomaji. Rula akaishika. Mkono wake wote, na bega, na ngozi ya shavuni, vikatikisika. Hakukuwa na macho duniani ambayo yangetenganisha mtetemo wa mota na mtetemo wa mtu.

Kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

"Mzee," dada akasema, "hii aliirudisha mteja kijana, alisema inamvunja kiwiko. Kwa mkono wako chukua ile nyepesi."

"Mkono wangu una nini?"

Dada akainama kuokota skrubu. "Hauna kitu. Nimesema kwa mkono wa mtu mzima yeyote."

"Basi nifungie hii."

Ningeweza kusema neno. Niliona boksi lile, nikaona ule utepe wa maji ukikauka taratibu, nikajua kwamba kuna mashine ambayo ingempa huyu mtu kazi yake tena. Lakini tulikuwa tumekuja kutafuta ya kuficha, na ya kuficha tumeipata. Nikabeba boksi la mashine begani. Njiani tulicheka sana. Tulijiita majambazi. Rula alisema akifaulu ataiombea pensheni mashine.

Ijumaa tukaandaa sebule. Tulisogeza viti na meza katikati tukavifunika mashuka ya zamani, tukabandika magazeti madirishani, tukapiga msasa pale palipobanduka. Ukipuliza rangi bila kufunika, inakwenda inakotaka, utakuja kuikuta kwenye nyusi za picha ya harusi. Rula aliamrisha, mimi nikatekeleza. Nilimwona anachechemea, tena hakutaka kupiga magoti kubandika tepu kule chini kwenye kingo za sakafu, akaniachia mimi na macho yangu haya yanayoona tepu mbili mahali ilipo moja. Nikamwuliza mguu una nini. Goti, akasema. Tukalisema vibaya goti lake, tukalisema na langu, tukahamia kwenye magoti ya watu waliokufa. Sikuuliza tena.

Rangi tuliichanganya yeye mwenyewe akisimamia. Rangi ya kupaka kwa brashi ni nzito mno kwa mashine, inaziba pua yake. Unaipunguza maji kidogo kidogo, unachovya kijiti, unatazama inavyodondoka mpaka iache kuning'inia kama kamasi na ianze kushuka kama maziwa, halafu unaichuja kwa soksi ndefu ya mwanamke. Soksi ilikuwa ya dada yangu. Rula aliitoa kwenye droo, na mimi nikaishikilia mdomoni mwa ndoo.

Jumamosi asubuhi binti alipiga simu kwamba ameshaingia mjini. Mpango ulikuwa asije akamkuta baba yake amekaa kiti cha uvivu akisubiri hukumu. Amkute kazini, kofia kichwani, kitambaa puani. Nikachomeka plagi. Rula akasimama mbele ya ukuta mkubwa, miguu kaitanua, akabonyeza.

Kwanza ilikwenda. Siwezi kusema ilikwenda vizuri. Ile mashine nzito ilimvuta mkono chini, akawa anaukaribia ukuta mno, rangi ikaanza kutiririka machozi. Akarudi nyuma. Akapiga tena. Kila baada ya mapito machache ilibidi aegemeze kikombe kwenye mgongo wa kiti kilichofunikwa shuka, apumue, ainue tena. Na kila alipoinua niliona kitu ambacho kichwa changu cha ujambazi hakikukipigia hesabu: uzito ulikuwa unauamsha ule mtetemo. Mkono mgonjwa ukiubebesha mzigo, unagoma zaidi. Mota ilikuwa inatetemeka kwa mota, na yeye alikuwa anatetemeka kwake, zaidi ya jana, zaidi ya dukani. Nikamfanyia ishara aache kwanza. Akatikisa kichwa. Gari lilikuwa limeshasimama nje.

Binti aliingia kwa mlango wa nyuma, ule usiofunga. Ni mwanamke mrefu, ana kidevu cha dada yangu, na tabia yake ya kusimama kwanza kizingitini kukagua chumba kabla ya kuingia. Alitukuta ndani ya ukungu mweupe kama tumekufa tumefika mbinguni. Akaziba pua kwa kitambaa. Akamtazama baba yake na ile kofia, na ile bunduki inayomtikisa mpaka masikio, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo, kama mtu aliyekuja amejiandaa kuinua kitu kizito akakuta ni chepesi.

Alicheka. Akanisogelea akanipigia kelele sikioni, "Mjomba, hii mashine mmeipata wapi, itamrusha baba juu ya bati!"

Nikampigia kelele na mimi kwamba baba yako tangu asubuhi ameshapaka nyumba tatu za jirani, hii ni ya nne, tunamzuia asiende mtaa wa pili. Akanipiga kibao cha bega. Nikawaza, tumeshinda. Jioni watazungumza, atasema baba, naona hujambo, ataacha maagizo ya dawa na matunda, na lile gari litarudi tupu kama lilivyokuja.

Akamwita baba yake aje asalimie. Rula hakusikia, au alisikia. Akamwita tena. Kwa ile kelele hata mbiu ya mgambo isingepenya. Basi binti akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akainama, akashika waya, akachomoa plagi.

Mashine ikanyamaza.

Mkono haukunyamaza.

Rula alikuwa ameuelekeza bado ukutani, mgongo kwetu. Ile bunduki iliyokufa ilikuwa inacheza mkononi mwake juu chini, juu chini, na rangi ndani ya kikombe ikawa inapiga kuta za kikombe, sauti ndogo kama ya mbwa anayekunywa maji. Hakuiteremsha. Sijui kwa nini hakuiteremsha. Nadhani alikuwa anasubiri itulie kwanza, ndipo ageuke. Tukasimama pale watatu tunasubiri itulie.

Binti ndiye aliyekwenda. Alimzunguka, akaweka kiganja chake chini ya kikombe, akaupokea uzito. "Niachie, baba," akasema, polepole kama anavyoambiwa mtu aliyebeba mtoto mchanga. Vidole vya Rula havikufunguka vyote kwa pamoja. Mashine ikalala upande, kifuniko kikaachia, rangi yote ikammwagikia toka pajani mpaka kwenye kiatu.

"Si kitu," Rula akasema. "Rangi ya maji. Inatoka."

"Vua hiyo suruali niiloweke kabla haijakauka."

"Nitavua mwenyewe. Chumbani."

"Baba, inachuruzika kila mahali. Kaa hapo nikukunjie basi."

"Nimesema chumbani."

Alisema kwa ukali ambao haukulingana na suruali ya kazi. Binti akamtazama, akapiga goti moja, akaanza kumkunjia mguu wa suruali kama anavyowakunjia watoto wake. Rula akamshika bega kumzuia, lakini aliyekuwa akimzuia ni mkono uleule, na mkono uleule haukuwa na nguvu ya kumzuia mtu.

Chini ya goti palikuwa pamefungwa vipande vya shuka. Shuka lilikuwa limeshika kwenye kidonda na kubadilika rangi, na harufu niliyoisikia tangu Ijumaa, nikadhani ni rangi iliyokaa sana kwenye kopo, ikatoka waziwazi. Binti hakulibandua. Aliliinua ukingoni tu, kidogo, akalirudisha.

Maji ya moto. Ilibidi amwulize mara kadhaa ndipo alipokubali kuyataja. Alikuwa anateremsha sufuria jikoni, mkono ukamgeuka. Alijimwagia maji baridi, akajifunga, akalala. Zahanati hakwenda, kwa sababu kwenye kadi yake ya pale iliandikwa namba ya simu ya binti, na wale wauguzi wangempigia. Haikuwa jana wala juzi. Binti alipomwuliza ni lini, alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kalenda.

Na mimi nilikuwa nimeambiwa goti. Mwongo mzoefu wa umri wangu, niliyewalaza watoto na watu wazima kwa hadithi, nikaambiwa goti nikachukua goti, nikaliongezea na chumvi. Wahenga walishasema lao kuhusu mficha maradhi. Mimi sikutaka kuwasaidia kumalizia.

Binti alisimama. Alijipangusa mikono kwenye gauni lake zuri la safari bila kuliangalia. Sikumwona akilia. Uso wake ulikuwa umekauka kama ukuta ambao haujapigwa hata rangi ya kwanza.

"Mjomba," akasema, "baba atasema anaweza. Namjua. Nakuuliza wewe. Anaweza kuendelea kukaa hapa peke yake?"

Rula akainua macho kwangu.

Ninataka kusema maneno hayakuja, lakini yalikuja, na yalikuja mengi kama kawaida yao. Ningeweza kusema nitahamia kwake leo hii. Ningeweza kusema kuna muuguzi mstaafu mtaa wa nyuma, bingwa wa vidonda, anakuja kila asubuhi. Ningeweza kusema sufuria ile ilikuwa na mpini mbovu, ilikwishaunguza watu watatu, hata mimi mwenyewe, nikamwonyesha kovu nililolipata kwa baiskeli. Yote niliyaona yamejipanga mlangoni, yamevaa vizuri, yanasubiri niyafungulie. Rula aliyaona pia. Amenijua tangu nilipokuwa kijana nikimdanganya kuhusu posa ya dada yangu. Alikuwa ananiomba kwa macho nifungue.

Lakini mimi mwenyewe naishi kwa mwanangu, napewa dawa ya presha kwenye kijiko na kuulizwa kama nimemeza. Na ile sauti ya rangi ikigonga kikombe ilikuwa bado masikioni mwangu.

"Hawezi," nikasema.

 Rangi ilikuwa inadondoka toka kwenye suruali yake juu ya gazeti.

"Umri wote huu unanidanganya," Rula akasema, "leo ndiyo umechagua kusema kweli."

Alisema bila hasira. Nafikiri angesema kwa hasira ningelala vizuri zaidi.

Binti akampeleka zahanati. Walikaa sana. Waliporudi mguu ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe, na uamuzi ulikuwa umeshapita, nadhani ulipita ndani ya gari, wakiangalia mbele. Muuguzi alikuwa amesema kidonda kingechelewa kidogo zaidi wangeanza kuzungumzia mambo mengine. Kuhusu mkono alisema huenda zipo dawa za kuutuliza, lakini lazima amwone daktari wa mishipa ya fahamu, na daktari huyo hayupo huku, yuko kule anakoishi binti. Rula aliyasikia hayo na kuitikia kwa adabu, kama anavyoitikia mtu anayeelekezwa njia ya mahali asikokwenda. Lakini alikuwa anakwenda.

Binti akaingia chumbani kupakia nguo. Akaniomba nikae na baba.

Tukakaa sebuleni, juu ya viti vilivyofunikwa mashuka, magazeti bado yako madirishani, mchana umekuwa kama jioni. Ukuta mkubwa ulikuwa mweupe nusu, na ule weupe wenyewe ulikuwa na machozi mpaka chini. Mkono wake ulikuwa juu ya paja na hakuuficha. Ulikuwa unacheza, na sisi wawili tukawa tunautazama kama wazee wanavyotazama mtoto wa watu akicheza.

Toka chumbani tulisikia droo zikifunguliwa na kufungwa. Moja ilikaa wazi muda mrefu, nikajua ni ile ya nguo za dada yangu.

"Mbona umenyamaza," Rula akasema baadaye. "Sema kitu."

Nikamwambia sina la kusema.

"Sikukuomba la kweli. La kweli umeshalimaliza asubuhi."

Nikakohoa. Nikatafuta. Watu wanadhani mambo haya yanakuja yenyewe, kumbe yanataka moyo mwepesi, na wangu siku ile ulikuwa na uzito wa ile mashine. Mwisho nikamwambia kwamba nimeongea na yule daktari wa kule mjini, ni rafiki yangu wa siku nyingi, tulikuwa tunachunga naye mbuzi, na amesema mkono wa namna hii ni wa wiki mbili tu, wanaupa sindano moja unalala, na mgonjwa anapanda gari anarudi kwake. Nikamwambia atarudi rangi hii haijakauka vizuri. Nitamwachia nusu ya ukuta aimalizie mwenyewe.

 Rula akasema katika miaka yote aliyonifahamu hajawahi kusikia uongo mbovu kama huo, hauna kichwa, hauna miguu, hata mtoto asingeupokea.

Kisha akaniomba niurudie, taratibu, tangu pale kwenye mbuzi.